Asante dada wa kazini, jina nakuhifadhia

Jina sitaji maana najua hupendi, ila hili lazima watu walisikie. Kipindi kile kichwani ilikuwa "mi nitafeli tu" kutwa nzima, usingizi hamna. We hukuniambia fikiria mazuri kama wengine, ulinipa karatasi ukasema andika hilo wazo lilivyo, pembeni ushahidi kwamba ni kweli, halafu ushahidi kwamba sio, ndo uliandike upya kwa haki. Na jioni unanitumia meseji, umeandika nini leo? Nikisema sijaandika hunikaripii, unasema haya tuandike sasa hivi. Siku hizi naandika "hii ngumu ila kama hii nilishaiweza", na naliamini kwa sababu ni kweli kabisa. Mungu akubariki sana dada. Nanyi mkiwa na mtu anayejisema vibaya, msimwambie tu achangamke, kaeni naye na karatasi jamani.