Bondia akitaka ubunge atundike glovu kwanza

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa hapa Manzese, ngumi nazifuatilia tangu enzi za Rashid Matumla, naomba kanafasi kidogo maana stori za vijiweni zimenichosha. Siku hizi bondia akileta mkanda tu, hata mapokezi hayajaisha, washkaji washaanza "huyu tumpe jimbo", ukibisha unatupiwa jina la Manny Pacquiao wa Ufilipino, mbona yule kaweza.

Kaweza nini sasa? Ulingoni simbishii mtu. Ubingwa wa dunia kwenye madaraja manane ya uzito, hakuna mwingine. 2001 aliitwa kuziba pengo kama wiki mbili tu kabla ya pambano, akaenda Las Vegas akamtwanga Lehlo Ledwaba wa Afrika Kusini, bingwa wa IBF, moja ya mashirikisho ya ngumi duniani, mpaka refa akaingilia raundi ya 6. Na ni dogo aliyetoroka kwao akalala mitaani Manila, lazima umpende.

Sema siasa ni habari nyingine. 2007 aligombea ubunge akapigwa chini. 2010 akahamia mkoa wa Sarangani, kwao mkewe, akapita, na Novemba mwaka huohuo mheshimiwa yuko Texas anamchakaza Antonio Margarito. Wote tulishangilia, lakini kambi ya pambano kama lile inakula miezi, asubuhi mbio, mchana pedi na begi na kusparingi, sasa aliyekosa maji jimboni anamfuata wapi, gym? Ile Jumapili asubuhi ya Mei 2015 tulivyojazana kibanda umiza kumcheki na Mayweather, kapigwa kwa pointi tukatoka tumenuna, nani kati yetu alikumbuka yule ni mbunge wa watu? Kwao magazeti yalishamtaja kinara wa utoro bungeni. Hapa kwetu Katiba ibara ya 71 iko wazi, ukikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, kiti huna.

Na wapiga kura wanaona jamani. 2016 walimpa useneta kwa kura zaidi ya milioni 16, akaendelea kupigana, akiwa na miaka 40 akamshinda Keith Thurman, sawa, raha yetu sisi mashabiki. 2022 akaomba urais akaambulia kama milioni 3.6, wa tatu. 2025 useneta tena, akakosa, Julai akarudi ulingoni na miaka yake 46 akatoka sare na Mario Barrios.

Mbona Vitali Klitschko, bondia wa Ukraine, hamumtaji? Umeya wa Kyiv, mji mkuu wa kwao, aliukosa 2006 na 2008, pambano lake la mwisho Septemba 2012, mwezi uliofuata akachaguliwa mbunge na hakupanda ulingoni tena. 2014 akapata umeya.

Sina ugomvi na bondia kuingia mjengoni, wanamuziki wameingia na wengine wamepiga kazi. Ila nyie waandishi wa michezo mnaowahoji kila wiki, bondia akianza tu kugusia jimbo muulizeni hapohapo mkanda unauachia lini, na akijibu ataunganisha vyote viwili muandike hivyohivyo, herufi kubwa, ukurasa wa mbele.

Mdau wa ngumi,
Manzese, Dar es Salaam