Barua kwa mwanangu: kwa nini nimekubali kupasuliwa upande mmoja tu

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa Neema,

Salamu zako nimezipokea, na baba yako anakusalimu sana. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa uchungu kwa nini sifuati ushauri wa daktari wa upasuaji aliyetaka tezi yote ya shingo iondolewe ili tuachane na jambo hili mara moja. Mtandao ulikuwa unakatika kila baada ya maneno mawili, kwa hiyo nimeona nikuandikie, usome taratibu, unielewe hata kama hutakubaliana nami.

Rovu hili, yaani huu uvimbe wa tezi ya shingo, si la jana, na bibi yako naye alikuwa nalo. Watu hushangaa kwamba sisi tunaokula samaki kila siku tunapatwa na rovu, lakini sato na dagaa wa ziwani hawana madini joto kama samaki wa baharini. Na muhogo, ambao ndio ugali wetu hapa kisiwani, usipolowekwa na kukaushwa vizuri huacha kemikali inayoizuia tezi kunyonya hata madini kidogo yaliyopo. Chumvi yenye madini joto imewasaidia sana ninyi mliozaliwa baadaye. Mjomba wako bado ananisihi niongeze madini joto kwa wingi, nami nimemkatalia kwa heshima, kwa sababu rovu lenye vinundu lililokomaa halirudi nyuma kwa chumvi, na madini mengi yakiingia kwa ghafla yanaweza kuvichochea vinundu hivyo vikatoa homoni kupita kiasi.

Daktari wa kwanza alisema tusubiri, na ushauri wake haukuwa wa ovyo. TSH yangu, yaani kipimo cha damu cha homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, ilikuwa ya kawaida, maana yake tezi haifanyi kazi kupita kiasi wala haijachoka. Ultrasaundi ilionyesha kinundu kikubwa upande wa kulia na vingine vidogo sana kushoto, na chembe zilizochukuliwa kwa sindano hazikuonyesha saratani. Kwa mgonjwa asiyesumbuliwa na kitu, kupima mara kwa mara na kuendelea na maisha kunatosha. Mwingine alipendekeza vidonge vya levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa, ili rovu lipungue. Hilo ndilo nililoliacha mapema kuliko yote, kwa kuwa mtu ambaye homoni zake ziko sawa hupata nafuu ndogo kwa njia hiyo, ilhali dozi ikizidi humuumiza moyo na mifupa, hasa mwanamke wa umri wangu.

Kilichonitoa kwenye kusubiri ni jambo dogo ambalo daktari wa upasuaji alinifanyia bila kifaa chochote. Aliniambia niinue mikono yote miwili, niibane kando ya masikio, nikae hivyo kwa dakika nzima. Kabla dakika haijaisha nilihisi uso umejaa, mishipa ya shingo imetutumka na pumzi inapita kwa shida, akaniambia nishushe mikono haraka. Kumbe ndiyo sababu nikiandika juu kabisa ya ubao darasani nilikuwa nahema, nami nikisingizia uzee na vumbi la chaki. Picha ya CT ikathibitisha kwamba upande wa kulia umeteremka hadi nyuma ya mfupa wa kifua na kulisukuma bomba la hewa. Basi daktari wa kwanza alikuwa amejibu swali la homoni na la saratani, na amejibu sawasawa. Swali la nafasi ndani ya shingo halikuwa limeulizwa.

Hadi hapo wewe na mimi tuko pamoja. Tunapoachana ni pale unaposema kwamba, kwa kuwa nitapasuliwa tu, heri iondoke yote. Mwanangu, nimefundisha baiolojia miaka mingi, na wanafunzi wangu nilikuwa nawasimulia habari za Theodor Kocher, daktari wa Uswisi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii. Alipowafuatilia wagonjwa aliowaondolea tezi yote, mwaka 1883 alitangaza kwamba wengi wao walikuwa wamezorota akili na mwili, akaacha kuiondoa yote kwa ugonjwa usio wa saratani. Najua utasema siku hizi vidonge vya kuziba pengo la homoni vipo. Vipo Mwanza mjini. Hapa Nansio kuna nyakati duka la dawa linakosa, na ziwa likichafuka meli haziondoki. Kidonge cha kumezwa kila alfajiri kabla ya kula, maisha yote, sitaki kukifanya tegemeo langu la pekee iwapo naweza kubaki na nusu ya tezi inayofanya kazi.

Kuna na suala la sauti. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma ya tezi, mmoja kila upande. Ukipasuliwa upande mmoja na mshipa ukadhurika, sauti hukwaruza; ukipasuliwa pande zote mbili na yote miwili ikadhurika, hata kupumua kunaweza kuwa taabu. Hayo hutokea kwa nadra kwenye mikono yenye uzoefu, lakini hutokea. Halikadhalika tezi ndogo nne zinazosimamia kalsiamu: upande mmoja ukiachwa, zilizoko upande huo haziguswi.

Nilimrudia yule daktari wa upasuaji na hoja hizi. Hakukasirika. Alisema upande mmoja unawezekana, mradi nijue ninachokubali: vinundu vya kushoto vinaweza kukua baadaye, takriban mtu mmoja kati ya watano waliobakizwa nusu huhitaji vidonge hata hivyo, kwa hiyo TSH itapimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na kipande kitakachotolewa kikipimwa maabara kikakutwa na saratani ambayo sindano iliikosa, huenda nikarudishwa mezani kuondoa kilichobaki. Hili la mwisho ndilo linalokunyima usingizi wewe, naelewa. Mimi nimelipima na nimelikubali.

Kabla ya siku yenyewe wataziangalia nyuzi zangu za sauti kwa kamera ndogo, jambo nililoliomba mwenyewe. Wewe nakuomba mambo mawili. Omba ruhusa kazini ya wiki moja, na utafute ndugu wawili wenye afya watakaokuwa tayari kutoa damu ikihitajika. Usihangaike kuvuka kuja huku. Fikia kwa shangazi yako Nyegezi, huko Mwanza, nami nitashuka kwenye meli siku moja kabla ya kulazwa. Uje na kadi yako ya bima pia, maana nataka upimwe shingo wakati uko hapo.

Mama yako