Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: tunaomba walinzi wa moto ukingoni mwa Rondo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo, na pole na majukumu. Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, bonde la Lukuledi hufuka moshi karibu kila siku. Huyu anasafisha shamba, yule anawafukuza ndezi, mwingine amelina asali akaacha kienge chini ya mti. Kusi likishika kasi, jioni mikorosho ya mtu asiyehusika imekwisha kuungua.

Ombi langu ni hili: kila kiangazi wawekwe watu wawili wa kulipwa kwenye ukingo wa kusini wa uwanda wa Rondo, na wawili ng'ambo, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Kwa hao wa ng'ambo huenda ikabidi uzungumze na mwenzako wa Mtwara.

Kazi hii ina historia ndefu. Agosti 1910 moto uliteketeza takriban ekari milioni 3 huko Idaho na Montana, Marekani, na watu zaidi ya 80 wakafa, wengi wao wazima moto. Baada ya hapo idara ya misitu ya nchi ile ilijenga vibanda vya walinzi vileleni kwa kasi, na katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 vijana wasio na ajira wakapewa kazi ya kujenga vingine. Vilifika maelfu.

Ninayempenda katika historia hiyo ni Hallie Daggett. Mwaka 1913 aliomba kulinda kilele kimoja kaskazini mwa California, zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari. Waombaji wengine wawili walikuwa wanaume, na aliyekuwa akichagua akaona hawafai. Dada yake alimpelekea chakula kwa farasi. Msimu wake wa kwanza aliripoti mioto ipatayo 40, na eneo lote lililoungua halikufika ekari 5. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi, maana huku kwetu ekari 5 huisha kabla mwenyekiti wa kijiji hajapigiwa simu.

Kifaa chao kikuu alikibuni William Osborne, mfanyakazi wa misitu. Ni sahani ya duara yenye ramani katikati na nyuzi 360 pembezoni. Mlinzi anachungulia kwenye kitundu, analenga moshi kwa unywele wa farasi uliotandwa mbele, kisha anasoma namba. Mlinzi wa kilele kingine naye anasoma yake. Mistari miwili ikikatana kwenye ramani, hapo ndipo penye moto. Radi zikianza walikalia kigoda chenye miguu ya kioo ili umeme usiwapite!

Najua utaambiwa setilaiti zipo. Zipo, lakini zile zenye uwezo wa kuona moto mdogo hupita juu yetu mara chache tu kwa siku, na moto haungoji zamu. Tena setilaiti haijui lile analolijua mtu wa huku: moshi wa tanuri la mkaa hukaa pale pale kutwa nzima, wa moto unaotembea husogea na upepo. Minara yenyewe si kitu kigeni nchini, shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi linayo. Sisi hata mnara hatuuhitaji, kwa sababu ukingo umeinuka wenyewe. Inatosha meza, ramani, kipima pembe na simu yenye salio.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma. Basi kila mtendaji wa kijiji awape walinzi orodha ya waliopewa vibali wiki hiyo. Moshi ukionekana, wanampigia: huu una kibali? Kama hauna, watu wanatoka na matawi mabichi ungali mdogo.

Huko juu kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo, yenye komba mdogo asiyejulikana kwingine ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Hilo wahifadhi watakueleza vizuri kuliko mimi.

Katika kuajiri, tafadhali msianze na vyeti. Anzeni na walina asali na wawindaji wa zamani wanaoijua kila korongo kwa jina, na walipwe kila mwezi, si posho ya siku ya uzinduzi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa korosho, Mtama