Mpini wa kaktasi na epoksi: pesa yako inaenda wapi

"Hii ni mbao au plastiki?" Karibu kila anayekishika kisu chetu chenye mpini wa rangi ya feruzi huanza na swali hilo. Ni vyote viwili: mbao ya kaktasi iliyojazwa epoksi, plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda. Ukipima kwa ujazo, mara nyingi plastiki ndiyo nyingi. Tunalisema hili mapema kwa sababu swali linalofuata huwa la bei, na bei hiyo itakushangaza kama unadhani unanunua kipande cha mti kama mninga au mpingo, kinachokatwa, kikachongwa na kupigwa msasa, basi.

Mti wenyewe ni cholla, kaktasi ya jangwa la Sonora, jangwa linaloanzia Mexico na kupanda hadi huku Arizona tuliko. Ikiwa hai si ya kuisogelea. Miiba yake ina kulabu ndogo, na kipande kikikugusa tu kinang'oka na kukung'ang'ania, ndiyo maana wazoefu wa jangwani hutembea na kitana mfukoni cha kukichomolea. Ikifa, nyama yake huoza na kupukutika, kisha jua hukausha kinachobaki: mrija mwepesi wa mbao, mtupu katikati, ukuta wake umetobolewa matundu marefu yaliyopangana kwa kuzunguka. Wafugaji wa samaki wa mapambo wanaujua, huuweka kwenye akwaria ili kamba wadogo wajifiche.

Hatuokoti ovyo. Kaktasi za asili za Arizona zinalindwa na sheria ya jimbo, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, hapa ubavuni mwa Tucson, hata kijiti kikavu hakichukuliwi. Mbao zetu zinatoka kwenye ardhi za watu binafsi, kwa ruhusa yao.

Kwa mtengeneza visu, matundu hayo ndiyo uzuri wa cholla na ndiyo balaa yake. Peke yake haifai kuwa mpini: ni laini, inabonyea, na mafuta ya jikoni yakiingia hayatoki. Ikijazwa epoksi ya rangi, kila tundu linakuwa doa la rangi lenye ukingo wa mbao, na kipande chote kinakuwa kigumu kiasi cha kuchongwa kwa tupa. Lakini epoksi haisamehe uchafu wala unyevu, na hapo ndipo siku zetu nyingi zinapoishia.

Tunaanza kwa kukwangua moyo uliooza ndani ya mrija, kwa brashi ya waya na bisibisi nyembamba. Gundi yoyote hushika kile ilichokigusa. Ikigusa vumbi, imeshika vumbi. Kisha mbao inaingia kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hivi, tunaitoa na kuipima kwenye mizani, tunairudisha, mpaka uzito uache kushuka. Ikitoka inapoea ndani ya mfuko uliofungwa, maana mbao iliyokauka namna hiyo huanza kunywa unyevu wa hewa mara moja. Mbao yenye maji hutoa mapovu ndani ya epoksi, na povu likigandia chini ya uso utakuja kuliona siku ya mwisho, msasa ukishalifikia.

Epoksi huja kwa sehemu mbili, resini na dawa yake ya kugandisha. Tunapima kwa mizani kwa uwiano aliouandika mtengenezaji. Hapa mafundi waliozoea faibaglasi ya boti na bodi za magari hupotea kirahisi, kwa sababu resini yao ni poliesta: dawa ikizidi kidogo, inaganda haraka zaidi. Kwenye epoksi dawa ikizidi haiharakishi chochote, inabaki bila mwenzake wa kushikana naye, na mpini unabaki na ulaini usioisha. Tunatumia aina inayoganda polepole. Ile ya haraka ikimiminwa nene huchemka yenyewe, inapasuka, na ikiachwa nyingi kwenye kikombe inaweza kutoa moshi.

Rangi ni unga wa maika, ule unaometameta. Feruzi ndiyo inayoagizwa zaidi, na si ajabu: Arizona ni nchi ya jiwe hilo, migodi ya Kingman na Bisbee inajulikana na kila sonara, na buluu ile juu ya mbao ya kahawia inakaa kama zimezaliwa pamoja. Ila tusidanganyane, mpini wetu hauna jiwe ndani yake. Akikuuzia mtu mpini wa aina hii akauita wa feruzi halisi, muulize jiwe liko wapi.

Baada ya kumimina, chombo chote chenye mbao na epoksi kinaingia kwenye tangi la shinikizo na kukaa kwa psi 60 (pauni 60 kwa kila inchi ya mraba) mpaka epoksi igande. Povu halitoweki humo, linabanwa tu hadi takriban moja ya tano ya ujazo wake, na kwa udogo huo jicho halilioni. Ukifungua tangi mapema linavimba tena. Ni kifaa cha gharama na kinabeba kazi moja kwa wakati. Hiyo ni sehemu kubwa ya bei unayoiona. Mipini ya bei rahisi mara nyingi imemiminwa mezani bila shinikizo. Ishike kwenye mwanga uiangalie kwa ubavu, vitobo kama vya sindano vitakuambia.

Kuunganisha na chuma ni kazi ya kawaida ya visu. Msuka wetu, yaani mkia wa chuma cha kisu unaoingia kwenye mpini, ni bapa linalofika hadi mwisho wa mpini, vibao viwili vinaubana kwa gundi na pini za shaba. Tunaukwaruza kwanza kwa msasa mkali na kuufuta kwa asitoni. Vibao havibanwi kwa nguvu zote, gundi isije ikakimbia yote nje.

Sasa upande wako, na hapa tunaomba usome taratibu, kwa kuwa mipini mingi inayoletwa kurekebishwa, ya kwetu na isiyo ya kwetu, imeharibiwa na joto. Epoksi inayoganda bila kuokwa huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi. Mashine ya kuoshea vyombo inafika huko na kupita. Dashibodi ya gari lililofungwa juani pia, Tucson au Dar es Salaam. Mpini hautayeyuka, lakini gundi italegea, vibao vitaachana na msuka kwa unene wa unywele, na maji yatapata njia. Osha kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu, kausha, weka kivulini. Kivuli kina sababu nyingine: epoksi hugeuka njano kwa jua la muda mrefu, na buluu iliyochanganyika na njano ni kijani. Kama kisu kitaishi nje, kambini au kwenye mashua, chagua nyeusi au kahawia iliyokolea.

Kuna wanaotuuliza kama mpungate wa nyumbani unafaa. Unafaa, kwa namna yake. Ni jamaa wa cholla, na Laikipia kule Kenya umevamia malisho kiasi cha kuwa kero kwa wafugaji. Kiunzi chake ni wavu mwembamba bapa, si mrija, kwa hiyo tunapanga tabaka kadhaa ndani ya epoksi na kinachotoka kinafanana na lesi. Mnyaa na miti mingine ya utomvu mweupe ni kitu tofauti kabisa, si kaktasi, na utomvu wake ni hatari kwa macho. Huo hatuupokei.

Ukiagiza, tutumie upana wa kiganja chako kwa sentimita, useme unatumia mkono gani, na utaje rangi mbili kwa mpangilio wa upendeleo. Picha ya mpini wa mwenzako tutaitumia kwa rangi tu. Matundu hatuyapangi sisi. Kazi huchukua wiki tatu, nusu ya malipo tunaipokea kabla ya kumimina, na ukitaka kubadili rangi tuambie kabla ya siku hiyo.