Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Hati safi, ukuta una alama ya maji

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

YAH: HISTORIA YA MAFURIKO IINGIE KWENYE KUMBUKUMBU ZA ARDHI

Kwa heshima, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, Septemba ya mwaka juzi nilinunua nyumba hapa Dar es Salaam. Vyumba vitatu, geti, mwembe mmoja uani. Sikukurupuka. Nilikwenda serikali ya mtaa, nikaonana na mjumbe, nikamlipa wakili, naye akafanya upekuzi kwa msajili wa hati. Majibu yakarudi: mmiliki ndiye yule yule anayeuza, hakuna rehani, hakuna zuio. Hati safi. Hata rangi ya ukutani ilikuwa bado inanukia, nikasema moyoni, huyu muuzaji ni mstaarabu.

Maji yaliingia Aprili, saa tisa usiku. Yalianzia chooni, shimo la majitaka lilipojaa, ndipo ya barabarani nayo yakafuata kupitia mlangoni. Kulipokucha rangi ile ilikuwa inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake nikauona mstari wa kahawia, usawa wa goti, umenyooka toka sebuleni hadi chumba cha watoto. Na chini ya mstari huo kulikuwa na mwingine. Jirani yangu, mama wa makamo, alinijia na ndoo na ufagio kunisaidia. Akaniambia kwa upole, "Pole baba. Sisi tumezoea. Tulijua walishakwambia."

Nani aniambie, Mheshimiwa? Muuzaji alijua, dalali alijua, mama lishe wa kona alijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, yule aliyelipa.

Nakubali kwamba dalili zilikuwepo. Soketi zote za umeme zilikuwa juu usawa wa kifua. Mlango wa uani ulikuwa umevimba kwa chini, haufungi. Jirani wa kushoto ana kizingiti cha tofali mbili ambacho kila mgeni hujikwaa. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya nyoka. Wa kulia alikuwa na viroba vya mchanga vimepangwa ukutani, nikajua anajiandaa kujenga. Leo mtu akiniomba ushauri namwambia aachane na kwenda na dalali mchana wa kiangazi. Aende peke yake siku ya mvua, asimame kijiweni amuulize bodaboda: "Masika hapa mnapitia wapi?" Dalali ataapa kwa jina la mama yake, bodaboda atakuonyesha njia ya kuzungukia. Na jina la mahali nalo lisikilizwe. Mtoni, Kijitonyama, Majimatitu, majina hayo yanasema. (Jangwani peke yake ndiyo inatutania: ina jina la ukame, na ndipo Msimbazi unapotandaza maji hadi Barabara ya Morogoro inafungwa.)

Lakini ujanja wa mnunuzi una mwisho wake. Kuna anayenunua akiwa Mwanza au Muscat, macho yake ni simu ya shemeji. Kuna wanaohamishwa na mradi wa Bonde la Msimbazi. Hao nawafikiria zaidi. Mtu amepewa fidia ili atoke kwenye maji, ana haraka, fedha yenyewe si nyingi, na kiwanja cha bei anayoiweza mara nyingi ni kile ambacho wenyeji wamekikwepa. Tutakuwa tumemtoa bonde moja tukamkabidhi lingine, safari hii kwa fedha yake mwenyewe.

Habari hizi zipo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini jijini, na walionusurika wakagawiwa viwanja Mabwepande. Hapakukosekana orodha ya walikotoka. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wananchi wa mitaani, chini ya mradi wa Ramani Huria, walipita kata zinazofurika wakichora nyumba, mitaro na madaraja, na kuwauliza wenyeji maji hufika wapi. Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kugusa kaya zaidi ya 51,000. Kaya hazihesabiki bila mtu kuzihesabu. Kila mafuriko yanapopita, kuna daftari linaloandikwa majina. Ombi langu ni kwamba daftari hilo likutane na lile la msajili.

Upekuzi unapojibu kuhusu rehani na zuio, uongezwe mstari: eneo hili limewahi kufurika, miaka fulani na fulani. Mahali pasipo na hati, penye leseni ya makazi au karatasi ya mauziano tu, mkataba uwe na kipengele cha mafuriko kinachojazwa na muuzaji na kushuhudiwa na mtendaji wa mtaa, na akidanganya mnunuzi arudishiwe fedha zake. Si jambo geni duniani. Ufaransa, tangu sheria yao ya 2003, muuzaji wa nyumba iliyo kwenye eneo la hatari humkabidhi mnunuzi maelezo hayo kwa maandishi.

Nasikia mapingamizi tayari. La kwanza ni bei, kwamba itashuka. Kwa wanaojua, Mheshimiwa, imeshashuka siku nyingi. Bei kamili inalipwa na mgeni tu. La pili ni zito zaidi, na silipuuzi. Watu wa mabondeni wakisikia serikali inaandika nyumba zao, wanakumbuka X nyekundu na matingatinga ya Mkwajuni, Desemba 2015. Sheria ya Mazingira ya 2004 na mita zake 60 kutoka kingo za mto wanaijua kwa mlango huo tu, mlango wa kubomolewa. Kwa hiyo iandikwe wazi ndani ya kanuni kwamba kumbukumbu hii ni ya kumjulisha mnunuzi na haitatumika kuwa hati ya kumvunjia mtu nyumba. Bila hilo, hakuna mjumbe atakayeambiwa ukweli, naye hatauliza.

Nimalize kwa jambo ambalo mke wangu alinishauri nisiliandike. Dalali yule yule aliyeniuzia amenishauri niuze. Amenipa na maelekezo: mvua ziishe, nikwangue ukuta, nipige rangi mbili, geti nilitie nyeusi ya kung'aa, nisitaje maji mpaka niulizwe. Nilimfokea. Halafu nikakaa na karatasi, nikaandika ninachodaiwa na benki, na ada za watoto, na gharama ya kuinua sakafu. Sheria inayonibana sijaiona. Fundi rangi alikuja jana kupima kuta.

Mteja wa kwanza anakuja Jumamosi.

Wako mtiifu,
Mwenye nyumba, Dar es Salaam