Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kuelekea Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wagonjwa wa saratani ya kibofu, wajumbe wa kamati, na mlezi wetu daktari. Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Ya kawaida nayapitia haraka, mengi mnayajua. Tumekutana mara 4 badala ya 6. Tumewatembelea wagonjwa Muhimbili na Ocean Road. Tumezika wenzetu 3, Mungu awalaze mahali pema. Mwezi wa tano tulizungumza redioni kwamba kukojoa damu, hata mara moja, hata bila maumivu, si jambo la kunywa madafu ukasubiri. Kwamba sigara inaongoza kwa kuleta saratani ya kibofu, na kichocho nacho kina ya kwake. Nafasi hiyo ya redio niliihangaikia mimi, kwa nauli yangu. Tuliingiza shilingi milioni 6 na laki 4, sehemu kubwa ya wafadhili, tukatumia milioni 5 na laki 9. Risiti ninazo.

Sasa nije kwenye lile mnalonisema nalo.

Septemba kamati ilitoa milioni 2 kutoka mfuko wa dharura kumsaidia mwenzetu wa Kigamboni, mama wa miaka 58, atolewe kibofu. Kura zilikuwa 4 kwa 3, na ya nne ilikuwa yangu. Maneno yakawa mengi: mfuko ulianzishwa kununulia BCG, ile dawa inayowekwa kibofuni, si kulipia kisu, ugonjwa ulikuwa hatua ya awali, kibofu kinatolewaje mapema hivyo, na kwamba mwenyekiti, kwa kuwa yeye alishatolewa kibofu na anavaa mfuko wa mkojo tumboni, anataka kila mtu avae. Hilo la mwisho nililisoma kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, nabadilisha mfuko wenyewe. Sikujibu. Najibu leo.

Hatua ya awali maana yake uvimbe haujaingia kwenye msuli wa kibofu. Haina maana kwamba ni mpole. Wa mama huyu ulikuwa wa daraja la juu, yaani mkali, umeshapenya chini ya utando wa ndani, na pembeni yake kulikuwa na saratani bapa, ile inayotambaa ukutani na ambayo kamera ya kuchungulia kibofu inaweza kuipita isiione. Alikwanguliwa uvimbe huo kwa ndani ya kibofu, baada ya wiki 5 akakwanguliwa tena kama inavyotakiwa, na bado mabaki yakakutwa. Kwa mgonjwa wa namna hii, kutoa kibofu ni jambo la kuzungumzwa tangu mwanzo. Hata miongozo ya madaktari wa Ulaya inasema hivyo.

BCG siibezi. Ni chanjo ileile ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wetu begani wakizaliwa. Daktari Alvaro Morales na wenzake wa Kanada waliandika mwaka 1976 kwamba ikiwekwa kibofuni inazuia uvimbe kurudi, kwa kuamsha kinga ya mwili mlemle ndani. Wapo kati yetu ambao wana vibofu vyao mpaka leo kwa sababu yake, nawapongeza. Utaratibu mnaujua: katheta, ule mpira wa mkojo, dawa, kubana saa mbili, kukojoa umekaa, jiki chooni kwa saa 6, na homa ya usiku. Lakini pigeni hesabu. Wiki 6 za mwanzo, kisha awamu za wiki tatu tatu hadi mwaka wa tatu, jumla dozi 27. Kwa mtu wa Kigamboni hizo ni safari 27 za pantoni, na kila safari inataka dawa iwepo. Nchi tajiri zenyewe zimewahi kuikosa. Kiwanda kimoja tu cha Toronto kiliposimamisha uzalishaji mwaka 2012, wagonjwa wa nchi nyingi walihangaika. Mwenzetu wa Mbagala alimaliza 6 za mwanzo, za kuendelezea akazikosa miezi minane. Kibofu alibaki nacho, ugonjwa ukaingia msulini. Jeneza lake nililibeba.

Mhazini alisema kikaoni kwamba kwa uvimbe wa daraja hilo uliotibiwa kwa BCG, ni takriban mtu 1 kati ya 5 ambaye ugonjwa wake unaingia msulini ndani ya miaka 5, kwa hiyo wengi wangekatwa bure. Alisema kweli. Na upasuaji wenyewe si mchezo: hata kwenye hospitali kubwa za nje, zaidi ya nusu hupata tatizo, dogo au kubwa, ndani ya siku 90, na wapo wanaokufa. Mwanamume hutolewa na tezi dume pia, mwanamke mara nyingi na kizazi. Uingereza walijaribu kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa BCG, hawa kisu, waone kama utafiti mkubwa unawezekana. Matokeo yalitoka 2021. Walikuwa wagonjwa 50 tu. Wao hawajalimaliza, sisi tutalimaliza kwa meseji za sauti?

Kwa hiyo hatukumchagulia. Mama alikaa na daktari mara mbili, akiwa na binti yake na maswali aliyoyaandika nyuma ya kalenda. La mwisho aliniuliza mimi: "Kaka mwenyekiti, kwenye daladala inakuwaje?" Nilipandisha shati nikamwonyesha mfuko, mkanda, na kile kikoki cha chini. Nikamwambia ukweli. Ukijaa umebanwa kwenye gari la Mbagala unaomba njia, unashuka. Mwaka wangu wa kwanza ulinivujia kwenye mwendokasi, nikasingizia chupa ya maji. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Wiki iliyofuata akasema atakwenda. Alipasuliwa Oktoba. Wanaosema nilimshawishi wamuulize siku ya mkutano, atakuwepo.

Mhazini alijiuzulu baada ya kura ile. Namheshimu, ila daftari la michango bado analo, naomba alirudishe.

Hapo kwenye michango ndipo penye aibu. Tuko wanachama 61, waliolipa ada kamili ni 19. Shilingi 5,000 kwa mwezi! Na waliopiga kelele kuliko wote kuhusu milioni 2, wengine tangu Januari hawajatoa hata mia. Majina ninayo, siyataji. Kikao cha Agosti yaliandaliwa maandazi ya watu 40, tukatokea 9. Nyumbani kwangu tulikula maandazi siku tatu.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata wafadhili zaidi, chumba cha ofisi, na kuandika utaratibu wa mfuko wa dharura ili maneno yapungue. Uchaguzi utafanyika siku hiyohiyo; anayetaka nafasi yangu, fomu achukue kwangu.

Ukumbi ni uleule. Choo cha chini kimeshatengenezwa, hakuna tena kupanda ngazi.