Yah: Diodi zisizofaa kwenye redio za boti mlizotengeneza

Entebbe

Kwa Meneja wa Huduma,

Redio nne za VHF zimerudi na ankara yenye maneno "swichi ya kutuma na kupokea imepimwa, ni nzima". Ndani tumekuta diodi za PIN, zile za kufungua na kukata njia ya mawimbi ya redio, zimeng'olewa, na mahali pake zimechomelewa 1N4148, diodi ndogo za kawaida. Hatutalipia kazi hiyo.

Redio hizi hazina rilei (swichi ya sumaku); diodi hizo ndizo swichi ya kutuma na kupokea. Kitufe cha kusema kikibonyezwa, mkondo wa miliampea 50 hupita diodi ya kwanza, inayounganisha kikuza nguvu na antena, kisha koili ya nanohenri 51, kisha diodi ya pili inayoshuka eathi. Koili hiyo na kapasita zake mbili za pikofaradi 20 hufanya kazi ya kebo yenye urefu wa robo ya wimbi kwenye megahezi 156.8, yaani chaneli 16. Diodi ya pili ikishaunganisha mlango wa kipokezi na eathi, upande wa antena njia hiyo huwa kama imekatwa, na nguvu huenda hewani.

Wati 25 kwenye omu 50 ni mkondo wenye kilele cha ampea 1. Diodi ya PIN huumudu kwa sababu chaji iliyomo ndani yake hudumu kuliko mzunguko mmoja wa wimbi, nanosekunde 6.4. 1N4148 hujifunga kwa nanosekunde 4 hivi! Hukatakata wimbi, hupata moto, na ile ya eathi ikikatika, transista ya kwanza ya kipokezi huungua. Redio mbili tayari ni viziwi.

Mita ya kawaida haioni kasoro hii: aina zote mbili za diodi husoma volti 0.6 au 0.7. Kupima kwa wati 1 nako huificha.

Kuna na rezista inayopanga mkondo wa diodi hizo. Ya awali ni omu 240, wati 1; mmeweka omu 1,000, robo wati. Pengine fundi aliweka 240 ya robo wati ikaungua, na lazima iungue, maana volti 12 juu yake ni wati 0.6. Alihitaji rezista nene zaidi, si kushusha mkondo hadi miliampea 12.

Tunataka diodi za PIN za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha redio, rezista ya awali, na transista mpya kwa redio mbili zilizoharibika, bila malipo mengine. Kila redio ipimwe kwa wati 25 kwenye mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, kisha usikivu wake. Ankara haitalipwa hadi karatasi ya vipimo hivyo itufikie.

Mafundi wa redio,
kwa niaba ya wenye boti